Somo: Kutia Injini Nyingine Katika Trekta Dogo Kuukuu

Ndugu Mwanachama,

Injini ya trekta la bustani ikifa, wengi hutia yoyote ipatikanayo. Kabla ya kufunga mkanda, tazama mizunguko. Ikiwa injini ya kwanza ilizunguka mara 1,800 kwa dakika, na puli yake ina upana wa inchi 6, basi injini ya mizunguko 3,600 itake puli ya inchi 3. Hesabu yake: zidisha mizunguko ya kwanza kwa upana wa puli ya kwanza, kisha gawa kwa mizunguko ya sasa.

Ukiiacha puli ile ile, trekta litakwenda mbio maradufu, na breki ni zile zile kuukuu. Mteremkoni, na magunia ya karafuu nyuma, huo ni msiba. Puli hununuliwa, roho haina spea.

Katibu