Mlonge Kivulini, Kitunguu Saumu Kisubiri

Nyua nyingi za hapa kwetu Kibuta zina dawa: mlonge kwenye uzio, mwarobaini mbele ya nyumba, mchaichai pembeni. Shida huanzia kwenye matayarisho, maana jua, moto na kinu hubadilisha kilichomo ndani ya jani.

1. Anika mlonge kivulini. Majani yaliyoachwa juani juu ya jamvi hubadilika rangi kama tumbaku. Yale ya kwenye ungo, chini ya paa la baraza, hubaki kijani. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini C na karotini, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A. Chambua vijiti, tandaza majani yasilaliane, geuza mara kwa mara. Yakivunjika vidoleni, twanga, chekecha, hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mwanga. Unga utie kwenye mboga wakati wa kuepua.

2. Kitunguu saumu ponda, kisha subiri dakika 10. Punje nzima hainuki sana, kwa sababu alisini, yenye ile harufu kali na uwezo wa kuua vijidudu, bado haijaumbwa. Ukiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kiini kiitwacho aliini na kukigeuza alisini. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Ndiyo maana punje nzima iliyotumbukizwa kwenye mchuzi unaochemka huwa laini na tamu, lakini dawa haikupata nafasi ya kuzaliwa.

3. Tangawizi mbichi na kavu usizipime sawa. Ikikaushwa, kiini chake kikali, jinjeroli, hupoteza maji na kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi. Anza na unga kidogo.

4. Mchaichai ufunike unapouchemsha. Harufu inayojaza jikoni ni mafuta yanayotoroka na mvuke.

5. Malaria usiitibu kwa chai ya pakanga. Hapa nawaomba sana, hasa wenye watoto. Artemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye pakanga, haivumilii moto. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alifanikiwa kuitoa mwaka 1971 alipoacha kuchemsha na kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi; mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwaacha vimelea hai. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo. Homa ikipanda, nenda zahanati upimwe, upewe dawa mseto na uimalize.

6. Mwarobaini wa bustani nyunyiza jioni. Azadiraktini, inayozuia wadudu kula na kukua, huvunjwa na jua. Mbegu zitwange, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani, na upulize pia upande wa chini, viwavi wanakojificha. Mafuta ya mbegu hizo mtoto asinyweshwe hata kijiko. Yamewahi kuwatia watoto degedege na kuwaua.