Umemaliza uzamivu? Jinsi ya kutafuta nafasi ya utafiti

Siku ya kuvaa joho la uzamivu huwa furaha ya ukoo mzima. Siku zinazofuata ndizo ngumu: ng'ombe waliuzwa kulipa karo, na nafasi za uhadhiri ni chache. Wahitimu wengi wa sayansi na uhandisi hawajui kwamba ipo hatua ya kati, yaani utafiti baada ya uzamivu. Hii ni kazi ya mkataba, mara nyingi ya mwaka mmoja hadi mitatu, yenye mshahara au posho. Hulipi karo.

Kwanza, anza na unachokijua. Mabwawa ya mchanga ya Kitui yamewavuta watafiti kutoka mbali. Nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini mwaka wa 2003, ni adui wa maembe ya Makueni. Mti wa mukau unachunguzwa na KEFRI hapa Kitui. Aliyekulia huku ana maswali ambayo mgeni hajafikiria kuyauliza.

Pili, tafuta mtu kabla ya tangazo. Nafasi nyingi hutoka kwa mtafiti mkuu mwenye fedha za mradi. Soma makala zake mbili au tatu, kisha mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, uligundua nini, ungependa kuchunguza nini pamoja naye, na utakuwa tayari lini. Barua moja iliyotumwa kwa watu hamsini hutambulika mara moja. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu.

Tatu, jua milango ya kubisha. Nairobi kuna icipe, ILRI na World Agroforestry. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watafiti wa mataifa yote ambao hawajapitisha kikomo cha miaka kilichowekwa baada ya kupata uzamivu. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani hupokea maombi, mradi uwe na mwenyeji aliyekukubali. TWAS, iliyoanzishwa mwaka wa 1983, husaidia watafiti wa nchi zinazoendelea kwenda nchi nyingine zinazoendelea. Tovuti ya EURAXESS hutangaza nafasi bila malipo.

Nne, tayarisha stakabadhi mapema: wasifu, orodha ya machapisho, pendekezo la utafiti, na wadhamini watatu. Usiwashtukize walimu wako siku mbili kabla ya makataa. Kama tasnifu yako bado iko kabatini, toa makala moja kwanza. Hiyo ndiyo itakayokusemea usipokuwapo.

Tahadhari: ukiombwa pesa za "kushughulikia" nafasi, acha. Hakikisha tangazo liko kwenye tovuti rasmi ya taasisi yenyewe.

Wiki hii, andika majina ya watafiti watano ambao kazi yao inakaribiana na yako. Mwandikie mmoja kabla ya Ijumaa.