SOMO: KANUNI ZA BARUA PEPE HUTUNGWA NA NANI?



Somo la leo linatoka katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wengine watauliza: mambo ya maprofesa yanatuhusu nini sisi wa kiwandani na wa mashambani? Yanatuhusu. Mwajiri ni mwajiri, awe anauza miwa au anafundisha vitabu. Na siku hizi hata mkata katani huitwa kazini kwa ujumbe wa simu, na mahudhurio yake huhesabiwa na mashine ya alama za vidole.

Kisa chenyewe

Mwezi Agosti 2012 Harvard ilitangaza kwamba wanafunzi wapatao 125 walishukiwa kusaidiana katika mtihani ambao kila mmoja alitakiwa kuufanya peke yake. Baadaye barua ya ndani kuhusu jambo hilo ilifika kwa waandishi wa magazeti. Barua hiyo walikuwa wamepelekewa walezi wa wanafunzi, watu wanaoishi nao mabwenini na kuwashauri. Baadhi yao hufundisha pia.

Utawala ulitaka kumjua aliyeitoa. Mwezi Septemba 2012 ukapekua masanduku ya barua pepe ya walezi 16. Isipokuwa mmoja, hawakuambiwa lolote. Walikuja kujua mwezi Machi 2013, habari zilipotoka katika gazeti la Boston Globe. Yaani nusu mwaka mzima walikwenda kazini, wakasalimiana na wakubwa wao, bila kujua.

Utawala ulijitetea kwamba haukusoma barua, ulitazama vichwa vyake tu, tena katika masanduku ya kazi peke yake. Lakini tarehe 2 Aprili 2013 mkuu wa chuo cha shahada ya kwanza, Evelynn Hammonds, alikiri mbele ya walimu kwamba palikuwa na upekuzi wa pili, uliogusa masanduku yote mawili ya mlezi mmoja. Mwezi Julai mwaka huo aliacha cheo chake.

Kanuni mbili chini ya paa moja

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Chuo hakikukosa kanuni; kilikuwa nazo zaidi ya moja. Kanuni ya walimu wa kitivo ilizitambua barua zao kuwa ni siri, na ilitaka mwenyewe ajulishwe zinapofunguliwa. Kanuni ya watumishi wengine haikuwapa kinga hiyo. Je, mlezi ni mwalimu au ni mtumishi? Utawala ukamweka upande wa watumishi. Walimu wengi wakapinga vikali: mtu huyu anafundisha, mnamwondoleaje haki ya mwalimu?

Tazameni vizuri hila hii. Sisi tunaijua sana. Ni ile ile ya kibarua na wa kudumu, wa ofisini na wa shambani. Haki ikigawanywa kwa vyeo, mwenye nguvu ndiye anayechagua cheo kitakachokufaa siku ya matata.

Mabadiliko yalivyopatikana

Walimu hawakunyamaza. Walisema katika mikutano yao na magazetini. Rais wa chuo, Drew Faust, alikubali kwamba kanuni na taratibu za barua pepe hazikutosha. Aliunda kamati chini ya mwalimu wa sheria, David Barron. Rasimu ilitolewa Februari 2014 ili watu watoe maoni, na kanuni mpya ikaanza kutumika tarehe 31 Machi 2014. Inahusu walimu, watumishi na wanafunzi pamoja. Mambo yake makubwa ni haya:

1. Sanduku la mtu lisifunguliwe ila kwa sababu halali na nzito.
2. Atolee idhini mtu anayejulikana na anayewajibika.
3. Kwa kawaida mwenye sanduku ajulishwe.
4. Upekuzi usizidi haja.
5. Kila upekuzi uandikwe, na kamati ya uangalizi iweze kuuchunguza.

Si kwamba sasa yote ni sawa. Idhini ya kufungua sanduku la mtumishi hutolewa na ofisi ya utumishi, na ofisi hiyo ni ya mwajiri. Na kanuni hii ilikuja baada ya watu kuumizwa.

Tunajifunza nini?

Kanuni ya mtandao ni sharti la kazi, kama mshahara na saa za kazi. Kwa hiyo mahali pake ni katika mkataba, na wa kuizungumzia ni chama pamoja na mwajiri. Isiachwe mikononi mwa fundi wa kompyuta na meneja peke yao. Iwe moja kwa wote, na itungwe kabla ya matata. Mwenzetu akishafukuzwa kwa ujumbe wa simu, tutakuwa tumechelewa.

Maswali ya kujadili tawini

1. Je, kazini kwenu kuna kanuni iliyoandikwa kuhusu simu, barua pepe na mashine za mahudhurio? Nani ameiona?
2. Je, vibarua wana kinga sawa na wafanyakazi wa kudumu?
3. Mwajiri akitaka kutazama ujumbe wa mfanyakazi, nani wa upande wetu anajulishwa?

Majibu yaandikwe katika daftari la tawi, na katibu ayapeleke kwenye kikao kijacho na mwajiri.