CIF Dar es Salaam haifiki Makorora

Mkazi wa Makorora anayeagiza gari Japani kwa bei ya CIF Dar es Salaam amelipia gari, bima na nauli ya meli hadi bandarini tu. Ushuru, tozo za bandari, wakala wa forodha na kilomita 350 hivi za kufika Tanga ni juu yake. Hapo ndipo wengi hukwama: fedha zimekwisha, gari limelala bandarini, gharama za kulihifadhi zinapanda.

Dereva wa kukodi huenda akawa nafuu kuliko lori la kubeba magari, ila bima ya CIF kwa kawaida huishia bandarini. Akichagua lori, mikwaruzo, mafuta na kilomita zilizosomwa viandikwe kwenye hati ya mzigo kabla ya kupakia. Na tairi la akiba, ambalo halina mtetezi. Saini ya kupokea itiwe baada ya kulikagua gari mchana.