Saratani Ikiingia Nyumbani: Sala, Familia na Matibabu

Kijitabu cha familia ya Kikristo inayomuuguza mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mama aliyepewa majibu ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ni cha mume wake, watoto wake, ndugu zake, na cha mchungaji, padre au katekista anayebisha hodi kuja kumwombea.

Tunalosema ni moja: salini, lakini msichelewe. Kazi ya imani katika ugonjwa huu ni kumfikisha mgonjwa hospitalini mapema na kumshikilia hadi amalize matibabu.

Siku ya majibu

Siku ya kuchukua majibu ya kipimo cha kinyama, mama asiende peke yake. Mtu akishasikia neno saratani, mengi yanayofuata hayamwingii. Anayemsindikiza awe na daftari, aandike mambo manne: aina ya saratani, hatua iliyofikia, matibabu yanayopendekezwa na tarehe ya kurudi.

Akilia, mwacheni alie. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, na hakuna anayesema alikosa imani. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri: walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Walimuumiza pale walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi. Kaeni na mgonjwa wenu. Mahubiri yatapata siku yake.

Ugonjwa huu umetoka wapi

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hubaki, vikaharibu chembe hai za mlango wa kizazi polepole, hadi saratani ikajitokeza baada ya miaka 15 hadi 20. Mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kuipata ndani ya miaka 5 hadi 10.

Kwa sababu hiyo hakuna awezaye kusema virusi vilitoka kwa nani, wala lini. Mume asimtuhumu mke, na mke asimtuhumu mume. Ugonjwa huu si ushahidi wa uzinzi, si laana ya ukoo, wala hakuna aliyerogwa. Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, alikataa kuinyooshea kidole familia ile. Nasi tukatae.

Saratani yenyewe haiambukizi. Kuleni naye sahani moja, fueni nguo zake, laleni naye chumba kimoja. Mgonjwa anayetengewa kikombe chake huumia mara mbili.

Hatua za ugonjwa na tiba zake

Saratani hupangwa katika hatua 4. Hatua ya kwanza mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji. Hatua ya pili na ya tatu hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za mshipani za kemotherapia, na wapo wengi wanaopona kabisa. Hatua ya nne ni ngumu kuponya, lakini kutokwa damu, harufu na maumivu vinaweza kupunguzwa sana.

Msiamini kwamba kisu husambaza saratani, au kwamba mionzi huunguza mtu mpaka afe. Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 5, kisha hufuata mionzi ya ndani. Mgonjwa akitoka kwenye chumba cha mionzi ya nje habaki na mionzi mwilini, kwa hiyo anaweza kumpakata mjukuu wake siku hiyo hiyo.

Sala na dozi haviko kwenye mizani

Wapo wagonjwa wanaoambiwa kwamba kunywa dawa baada ya kuombewa ni kumtilia Mungu shaka. Mafundisho hayo yanaua. Biblia inaonyesha njia nyingine. Mfalme Hezekia aliomba akilia, Mungu akamjibu, na bado nabii Isaya aliagiza jipu lake libandikwe tini. Luka alikuwa tabibu. Msamaria mwema alisafisha majeraha kwa mafuta na divai, akamfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akalipa gharama.

Makanisa yetu yameishi hivyo. Hospitali ya KCMC pale Moshi iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na Bugando ya Mwanza ni ya maaskofu Wakatoliki. Zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, na zote hutibu wagonjwa wa saratani. Kanisa linalojenga wodi haliwezi kufundisha kwamba wodi ni ukosefu wa imani.

Kwa hiyo mnapofunga na kuomba, tarehe ya kliniki ibaki palepale. Mgonjwa aliye kwenye matibabu asifunge chakula. Wengine wafunge kwa niaba yake. Akishuhudia kwamba amepona, amshukuru Mungu na aende akapimwe. Asiache dozi katikati, na kama anatumia dawa za VVU, asizikatishe hata siku moja. Dawa za miti shamba mwambieni daktari, kwa sababu baadhi huathiri ini na figo wakati dawa za saratani nazo zinategemea viungo hivyo hivyo.

Kikao cha familia

Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu 4 hadi mbele ya Yesu, na walipokuta mlango umejaa walipandia darini. Familia iitishe kikao ndani ya wiki ya kwanza, mgonjwa mwenyewe akiwepo, na igawane mzigo:

1. Msindikizaji. Huyu huenda naye kliniki na hutunza faili, barua ya rufaa na majibu yote.
2. Mtunza fedha. Hukusanya michango, huandika kila matumizi, hufuatilia bima. Ndugu wakikwama, aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kuuliza kuhusu msamaha wa gharama kabla hawajauza shamba.
3. Mlezi wa nyumba. Huangalia watoto, shule, mifugo na biashara, ili mama asikatishe matibabu kwa kuhangaikia nyumbani.
4. Msemaji. Hupokea simu na kuwajibu ndugu na waumini, ili mgonjwa asisimulie ugonjwa wake mara 20 kwa siku.

Anayetoka mbali kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, atahitaji malazi kwa wiki nyingi. Ulizeni mapema kama kuna ndugu, au muumini wa usharika wa huko, anayeweza kumpokea.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao: mama anaumwa, ugonjwa unaitwa saratani, madaktari wanamtibu, si kosa lenu. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia maelezo yake, na mara nyingi hujilaumu.

Mgonjwa akiwa kwenye matibabu

Kuchoka, kichefuchefu na kuharisha hutokea. Mpeni chakula kidogo mara nyingi: uji, maharage, dagaa, mayai, matunda yaliyooshwa vizuri. Asifute alama alizochorwa na wataalamu wa mionzi, wala asipake kitu juu ya ngozi hiyo bila kuwauliza.

Mrudisheni hospitalini mara moja, hata usiku, mkiona:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa akiwa kwenye kemotherapia;
- damu inayotoka kwa wingi ukeni;
- mkojo kupungua sana au kukosekana;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida;
- kutapika hadi maji hayakai tumboni.

Msisubiri ibada ya Jumapili. Mwombeni mkiwa njiani.

Maumivu yana dawa

Kuvumilia maumivu si kipimo cha utakatifu. Mofini ya maji hunywewa kwa saa kama alivyoelekeza daktari, mara nyingi kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Ikitumiwa hivyo haiharakishi kifo. Huleta choo kigumu, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Ihifadhiwe mbali na watoto.

Huduma inayoshughulikia maumivu, hofu na mahitaji ya kiroho kwa pamoja huitwa tiba shufaa. Iombeni tangu mwanzo, sambamba na mionzi au dawa. Kama daktari atasema saratani haiwezi tena kuponywa, mgonjwa ana haki ya kujua, kupatana na watu wake, kuandika wosia, na kupokea Meza ya Bwana au Mpako wa Wagonjwa kwa desturi ya kanisa lake. Kumwombea wakati huo si kushindwa. Paulo aliomba mara 3 aondolewe mwiba wake; haukuondoka, naye Mungu hakumwacha.

Kwa mchungaji, padre na jumuiya

Ombeni ruhusa kabla ya kumtaja mgonjwa madhabahuni. Mkimtembelea, kaeni kwa muda mfupi, msimtake awahudumie, na msiulize sehemu gani ya mwili inaumwa. Ahadi ya uponyaji kwa tarehe fulani msiitoe. Toeni nauli ya kliniki, kuni, zamu ya kulala hospitalini. Na mume wake mkumbukeni: naye anaogopa, na wachache humuuliza anaendeleaje.

Wanawake na mabinti wa nyumba hii

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 apime hata kama haumwi. Mwenye VVU aanze mapema zaidi. Katika vituo vingi mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia mabadiliko. Hakuna kukatwa. Mabadiliko yakionekana mapema, hutibiwa kabla hayajawa saratani. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, isisubiri.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV. Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018. Haiharibu uzazi, wala haimfundishi mtoto uasherati.

Fanyeni haya wiki hii

1. Itisheni kikao na mgawane kazi zile 4.
2. Tafuteni barua ya rufaa na mthibitishe tarehe ya kliniki.
3. Andikeni maswali ya kumuuliza daktari.
4. Mwelezeni kiongozi wenu wa kanisa mnachohitaji, kwa kukitaja.
5. Pelekeni mwanamke mwingine mmoja wa nyumba hii akapime.

Kila siku anzeni kwa sala fupi pamoja na mgonjwa, kisha mpeni dawa yake kwa saa yake.