Mafunzo Manne Niliyopata Katika Shamba la Mtama Kongwa

Baba aliponiachia ekari tatu Kongwa, nilizipanda mahindi zote. Mjomba alinionya kwamba nchi yetu ni ya mtama na uwele, sikumsikiliza. Misimu miwili mfululizo nilivuna mabua. Msimu wa tatu nikarudi kwenye mtama, nao ukadumaa, majani yakanyauka huku udongo una unyevu.

1. Mmea ukinyauka, chimba kabla ya kuilaumu mvua

Nilichimba pamoja na afisa ugani wa kata. Kwenye mizizi tulikuta kiduha, gugu nyonyaji, kimenata, kikinyonya, wakati juu ya ardhi hakijaonekana hata jani. Kufikia siku unapoona viua vyake vyekundu, mtama umekwisha kuibiwa. Mmea mmoja wa kiduha hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri.

Zinasubiri nini? Hilo ndilo lililonifanya niwaheshimu watafiti. Mbegu ya kiduha haioti mpaka ipate kemikali inayotolewa na mzizi wa mtama au mahindi. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitafuta mitama ambayo mizizi yake hutoa kemikali hiyo kwa uchache sana, hivyo kiduha hubaki kimelala. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Hapa Tanzania mbegu mbili za ukoo huo, Hakika na Wahi, ziliidhinishwa mwaka 2002.

2. Mbegu haifanyi kazi peke yake

Nilidhani Hakika ingemaliza kila kitu. Ilipunguza kiduha, lakini udongo wangu ulikuwa umechoka, na kiduha hustawi pale udongo ulipochoka. Kwenye shamba darasa tulijifunza kuweka samadi na kubadilisha mtama kwa kunde. Mizizi ya kunde huamsha mbegu za kiduha, zinaota, zinakosa cha kunyonya, zinakufa. Tulichimba pia matuta yenye vizuizi katikati ya mitaro ili maji ya mvua yazame palepale yanapoangukia. Kazi hii ya jembe inauma mgongo, na hakuna mkato niliouona.

3. Jaribu padogo kwanza

Kongwa ina somo lake kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi wa karanga, matrekta yakafyeka pori kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Kiangazi ule udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mimi nilifanya kosa lile lile kwa ekari tatu. Siku hizi mbegu yoyote mpya naipa mistari minne kando ya ile niliyoizoea, msimu mzima, ndipo niiamini.

4. Waulize wanaopika na wanaoamia ndege

Katika majaribio ya mbegu kwenye shamba darasa letu, watafiti waliotutembelea walipima uzito wa mavuno. Shangazi alisaga, akasonga ugali, akala na mlenda, akasema mtama mweupe tuliokuwa tukiujaribu ni mzuri. Kisha akauliza: watoto wako shule, nani atawaamia kwelea kwelea? Mtama mweupe usio na uchungu ndege nao wanaupenda. Hakuna karatasi ya majaribio iliyokuwa na nafasi ya swali hilo. Tulikubaliana majirani tupande siku zinazokaribiana, ili mashamba yaive pamoja, ndege wasimalizie njaa yao kwa mtu mmoja, nasi tupeane zamu. Kwangu mimi, utafiti ambao haujafika kwenye chungu cha shangazi haujakamilika.

Hata baada ya mavuno ulinzi unaendelea. Fukusi walikuwa wakinimalizia gunia kabla ya Februari, mwezi wa njaa kwetu. Sasa natumia mifuko isiyopitisha hewa, na wadudu hufa humo bila dawa, mradi nafaka imekauka sawasawa na mfuko haujatoboka.

Ndugu mkulima, ukikiona kiua chekundu katikati ya mtama wako, usipite. King'oe leo, kabla hakijakomaza mbegu, ukichome, na umwambie jirani naye akague shamba lake.