Sifa za Kusomea Shahada ya Kuunda Programu za Kompyuta



Kila mwaka wale kati yenu wanaosoma sekondari hutuuliza swali moja: "Ustadhi, nataka kutengeneza programu za kompyuta na za simu, nifanye nini?" Tukiwauliza wamejiandaaje, wengi hujibu kuwa wanajua kutumia kompyuta. Hiyo siyo sifa inayotazamwa. Kinachotazamwa ni cheti cha mtihani, na ndani ya cheti hicho, zaidi ya yote, ni Hisabati.

Kwa nini Hisabati? Mnaosoma mirathi mnajua: mume akifariki na kuacha mtoto, mke hupata 1/8, asipoacha mtoto, mke hupata 1/4. Hapo hamjagusa kompyuta, lakini mmeshafahamu programu inavyofanya kazi. Kuna sharti, na kila jibu la sharti lina njia yake. Mwanafunzi wa chuo kikuu huandika hayo hayo kwa lugha inayoeleweka na kompyuta, akiwa na masharti mamia, na sharti moja likikosewa hesabu yote huharibika. (Neno algoriti lenyewe, yaani hatua za kufuata hadi kufikia jibu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9.)

Hapa Tanzania njia ya kwanza ni kidato cha sita. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu ni kufaulu masomo mawili yanayotajwa na kozi husika, kwa jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi. S haihesabiwi. Shikeni maneno "yanayotajwa na kozi". Kwa kozi hizi aghalabu ni Hisabati, Fizikia na masomo ya jirani yake, ndiyo maana tahasusi za PCM, PGM na EGM hufaa. Mwenye A ya Historia na A ya Kiswahili ana pointi 10 na bado anaweza kukosa nafasi. Kwa hiyo uamuzi haufanyiki kidato cha sita. Unafanyika kidato cha tatu, siku mnapoiacha Fizikia kwa sababu mwalimu wake ni mkali.

Jina la shahada lisiwatatize. Chuo Kikuu cha Dodoma kina uhandisi wa programu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sayansi ya kompyuta, na zote mbili hufundisha kuunda programu. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 3,600.

Njia ya pili ni stashahada ya kompyuta. Mwenye stashahada huomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D.

Hapa ndipo wanafunzi wa madrasa hukwama. Ili kuingia hiyo stashahada, D nne zinazotakiwa ni za masomo yasiyo ya dini. EDK haimo. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa na D tatu na B ya EDK, akahesabu nne, akalipa ada ya maombi, akarudishwa. Kosa ni letu pia, maana tulimpongeza kwa ile B wala hatukumwuliza nyingine. Alirudia Jiografia na Hisabati akiwa mtahiniwa binafsi, akapata zote mbili. Sasa yuko mwaka wa pili, na kila Alkhamisi huja kuwafundisha wadogo zake Hisabati baada ya Alasiri, chumba cha nyuma.